Mtu wa Lupopo katika nyumba ya Mazembe

Tulikaa Kenya. Si nchi ya Kenya. Kenya ni komuni, sehemu ya mji, ya hapa Lubumbashi, Kongo, na nyumba yetu ilikuwa upande ule ambao kelele za uwanja wa Kibassa Maliba zinakufikia zikiwa nzima. Jumapili ya mechi, Baba alikaa barazani akinyoosha sare zetu za shule kwa pasi ya makala, yaani mkaa. Kelele zikilipuka uwanjani, alinyanyua pasi kutoka kwenye shati, akatulia nayo mkononi, kichwa amekiinamisha kidogo kama mtu aliyesikia hodi. "Hiyo Mazembe," alisema, akarudi kwenye kola. Au alisema, "Hiyo sisi," na pasi ilikaa hewani muda mrefu zaidi.

Mimi nilisikia kelele za aina moja tu. Nikamuuliza anatofautishaje. Akaniambia watu wa Mazembe wanalipuka mara moja, kama mlango uliosukumwa na upepo, kwa sababu bao walilitegemea tangu asubuhi. Watu wa Lupopo, timu yetu, sauti yao inaanzia chini, inasita, ndipo inapanda, kwa sababu kwanza wanamtazama refa. Nilikuwa na miaka minane. Nikaanza kusikiliza, na baada ya mechi tatu nne nikawa nazitofautisha mimi pia. Hadi leo naweza.

Baba alifariki Machi 2018 akiwa na miaka 67. Alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 40, karibu yote darasa la tano na la sita. Tangu alipoondoka nimejaribu kumwandika, na kila nikianza inatoka hotuba ya mazishini: mume mwema, baba mwema, mwalimu mwema. Yote ni kweli, lakini mtu wa hotuba hiyo simtambui. Ninayemfahamu ni yule wa pasi.

Kwa asiyeujua mji wetu: Lubumbashi ina timu mbili kubwa, na zote mbili zilizaliwa mwaka 1939. Moja ilianzishwa na wamisionari Wabenedikto kwa jina la Saint-Georges, ikapita majina kadhaa, ikawa Englebert, mwishowe Tout Puissant Mazembe, nyeusi na nyeupe, mamba kifuani. Nyingine ni Saint-Éloi Lupopo, bluu na njano, timu ya watu wa reli. Babu yangu alikuwa kibarua wa reli enzi za BCK, kampuni ya reli ya wakati wa Wabelgiji, kwa hiyo jambo la Baba ashabikie nani lilikwisha kabla hajazaliwa. Mama ni mtoto wa Kamalondo, komuni nyingine ya hapa, na Kamalondo ni Mazembe. Wajomba zangu husimulia kwamba siku ya mahari walipokea kila kitu kilicholetwa, kisha wakamwambia Baba kuna kitu kimoja ambacho hata ng'ombe hawatakilipa. Tulizaliwa watoto watano katikati ya hao wawili. Wanne walikwenda upande wa Mama, upande wa makombe, na siwalaumu. Mimi nilibaki na Baba.

Jumamosi jioni wajomba walikuja, wakakaa na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, uani, na mjadala ulianza kabla kikombe cha kwanza hakijaisha. "Mulamu, hiyo Lupopo yako ilileta nini?"

"Kombe la Afrika la 1967 mulipewa," Baba alijibu. "Hamukulishinda."

Na ni kweli: Englebert na Asante Kotoko ya Ghana walitoka sare mara mbili, ikapangwa mechi ya tatu, Kotoko hawakutokea. "Na la 1968?" Hapo hakuna wa kubisha, maana Étoile Filante ya Togo ilipigwa 5–0 katika mkondo wa kwanza. Baba alingoja wamalize kupigana viganja. Alikunywa kidogo. Kisha akauliza, taratibu: "Na mwaka uleule wa 1968, bingwa wa Kongo alikuwa nani?" Wajomba walinyamaza, kwa sababu alikuwa Lupopo. Mazungumzo haya nimeyasikia labda mara hamsini. Hakuna aliyebadilisha hata neno, na kila mara Baba alitulia palepale kabla ya swali lake la mwisho.

Darasani alitumia kilichokuwepo, na kilichokuwepo ni mpira. Nilipoingia sekondari nilikwama kwenye namba hasi. Nilielewa kwamba tatu ukitoa tatu inabaki sifuri. Sikuelewa ni kitu gani kinaweza kukaa chini ya sifuri, maana ukiwa huna, huna. Baba hakufungua kitabu. Alitoa kipande cha chaki mfukoni, mfuko ule haukukosa chaki hata Krismasi, akachora msimamo wa ligi kwenye saruji ya sebuleni. "Timu imefunga 3, imefungwa 7. Iko na ngapi?" Nikasema haina kitu. "Isiyo na kitu ni ile iliyofunga 3 ikafungwa 3. Hii inadaiwa. Kesho ikifunga mabao 4 bila kufungwa, ndipo itakuwa haina kitu." Akaandika 4 na kuitangulizia kistari. Halafu akauliza: timu yenye kutoa 4 na timu yenye kutoa 9, ipi iko juu? Nilijibu hata kabla hajamaliza. Leo mimi ni mhasibu. Nikifungua safu ya madeni kazini, huwa naiona ile chaki sakafuni, na Mama mlangoni akiuliza nani atafuta, maana ndiyo kwanza amepiga deki.

Ila hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mchezaji wa Mazembe. Mwaka 1974 Zaire, ndilo jina la Kongo wakati ule, ilichukua Kombe la Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba akafunga mabao 9 peke yake, na miezi mitatu baadaye ikaenda Ujerumani kwenye Kombe la Dunia, ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Ikafungwa na Scotland 2–0, na Yugoslavia 9–0, na Brazil 3–0. Katika mechi ya Brazil kuna mpira wa adhabu. Wabrazili wanajipanga, refa anapuliza filimbi, na Mwepu Ilunga wa Mazembe anachomoka kwenye ukuta wa Zaire, anaukimbilia mpira ambao si wake na kuupiga mbali. Dunia nzima ilicheka na bado inacheka: Waafrika hawajui sheria. Baba aliwauliza wanafunzi wake kila mwaka: beki aliyetoka kuchukua Kombe la Afrika, hajui mpira wa adhabu ni nini? Kisha akawaeleza kwamba wachezaji wale walikwishajua fedha zao hawatazipata, na kwamba Mwepu mwenyewe alisema baadaye kuwa alifanya makusudi. "Mbele ya kucheka mutu," aliwaambia, "muulize kama balimulipa."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lupopo ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1990, na furaha ile haikudumu mwaka mmoja. Mwaka 1991 ukaja uporaji, maduka ya katikati ya mji yakabaki milango mitupu, na fedha ya zaire ikaanza kuporomoka mpaka noti zikaandikwa mamilioni. Mshahara wa mwalimu ukawa haununui hata unga wa wiki moja, baadaye ukawa hauji kabisa. Ndipo wazazi walipoanza kuchanga ili walimu wasiache shule. Tuliita primu. Mtoto ambaye kwao hawajalipa primu anarudishwa nyumbani. Kila mwezi orodha ilishuka kutoka ofisini, na aliyeisoma mbele ya darasa ni mwalimu mwenyewe. Mwalimu anasoma majina ya watoto wa kufukuza, na fedha wanayofukuziwa ndiyo bukari, ugali, ya watoto wake.

Baba aliisoma. Hakuruka jina hata moja, hakuwa mtu wa kugombana na ofisi. Watoto walikusanya madaftari yao wakatoka. Ila walijua wasifike nyumbani. Nyuma ya shule, ng'ambo ya kiwanja, palikuwa na mwembe mkubwa, na chini ya mwembe ule waliingoja kengele ya mapumziko. Baba alikuja na chaki yake na kipande cha bati alichokipaka rangi nyeusi. Akawafundisha dakika zote za mapumziko, na shule ilipofungwa akarudi tena. Mtihani wa mwisho wa msingi ulipokaribia walikaa hapo mpaka giza linaingia.

Niliona kwa macho yangu mara moja tu. Mama alinituma nimpelekee viazi vitamu vya kuchemsha, nikazunguka nyuma ya shule, nikakuta hakuna anayesoma. Wanacheza. Watoto kama kumi na watano, miguu mitupu, mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba mpaka ikawa migumu, na Baba anakimbia pembeni na viatu vyake vya darasani, tai ameirusha begani ili isimpige usoni, filimbi mdomoni. Alipuliza, wakaketi wote wanahema, akageuza bati. Nilimuuliza jioni kwa nini wanapoteza muda wa masomo. Akasema mtoto aliyeitwa jina mbele ya wenzake akatolewa nje, hesabu haiingii mpaka kwanza akimbie. "Aibu inakaa miguuni," alisema.

Mama hakuwa mjinga, alijua. Alikuwa anauza makala sokoni, vidole vyake havikutakata hata kwa limau, na alihesabu kila franki. Walikuwa wakigombana usiku kwa sauti za chini, wakidhani tumelala. "Unabafundisha bure. Na sisi? Tutakula chaki?" Baba hakujibu. Saa kumi alfajiri nilisikia baiskeli ikitolewa: anampelekea magunia sokoni kabla hajaenda kazini, jambo ambalo wanaume wa mtaani waliliona na kulisema. Jumapili usiku alipanga viatu vyetu vitano vitano, vya kushoto upande huu na vya kulia upande ule, akavipaka dawa huku redio ikisoma matokeo. Betri za redio zilikuwa zimeshinda juani ili zipate nguvu ya kumaliza ligi.

Kwa miaka mingi nilikuwa upande wa Mama katika ugomvi ule. Kuna mwaka nilirudishwa nyumbani mimi mwenyewe, kwenye shule nyingine, kwa primu hiyohiyo, nikatembea njia nzima nikijua fedha yangu imekaa chini ya mwembe. Siku ile nilimchukia Baba, na sikumwambia. Nimejaribu kulipima upya nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na bado siwezi kusema Mama alikosea. Nadhani wote wawili walikuwa sahihi, na sisi tulilala na uji.

Lupopo ilichukua ubingwa mwaka 2002, baada ya kungoja miaka 12. Baba alitembea mpaka Kenya yote ikaisha, akarudi hana sauti. Hakuona mwingine tena. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi si ya Lupopo.

Desemba 2010 Mazembe walikuwa Abu Dhabi, kwenye Kombe la Dunia la Vilabu. Waliwatoa Pachuca ya Mexico 1–0, bao la Bedi, na tarehe 14 wakakutana na Internacional ya Brazil. Umeme ulikatika Kamalondo jioni ile, kwetu ukawepo, basi wajomba wakahamia kwetu na watoto wao na majirani zao, nyeusi na nyeupe ikajaa mpaka jikoni. Mvua ilikuwa inapiga bati hata mtangazaji hasikiki. Baba alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, madaftari ya mitihani magotini, kalamu nyekundu mkononi, mgongo ameupa televisheni. Nilikaa karibu naye kwa sababu ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Mpaka mapumziko ilikuwa 0–0.

Dakika ya 53 Kabangu akafunga. Nyumba ilitikisika. Baba aliendelea kusahihisha, nami nikaona analisahihisha daftari lilelile alilokwisha kulisahihisha. Kidiaba langoni alikuwa anatoa kila kitu. Zikibaki dakika tano hivi, Kaluyituka akaingia ndani ya boksi, akamzuga beki, akapiga. 2–0. Kidiaba akakaa chini na kuanza kurukaruka kwa makalio uwanja mzima kama anavyofanya, na mjomba mkubwa, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia hata kwa msiba wa bibi, alishika kichwa kwa mikono miwili na machozi yakatiririka. Timu ya Afrika inaenda fainali ya dunia, ya kwanza kabisa, na ni ya hapa.

Niligeuka, Baba hayupo. Madaftari yako kwenye kigoda. Nilimkuta uani, mvuani, bila kofia. Nilidhani ameudhika. Alininyooshea kidole ninyamaze. Kutoka Kamalondo, kutoka Katuba, kutoka pande zote, mji ulikuwa unapiga kelele, na akainamisha kichwa vilevile kama wakati wa pasi.

"Sikia," akasema. "Inaanzia chini."

Nikasikiliza. Ilikuwa kweli. Ilianzia chini, ikasita, ndipo ikapanda. Watu wa Mazembe kwa mara ya kwanza hawakuwa wamelitegemea bao. Walikuwa wanamtazama refa. "Leo wanalia kama sisi," Baba akasema, na uso wake ulikuwa umelowa, sikujua kwa mvua au kwa nini. Tulisimama hapo mpaka Mama alipotuita kwa ukali kwamba tutaugua. Fainali ilipigwa siku nne baadaye, Inter Milan ikashinda 3–0, na hakuna mtu hapa aliyezungumzia kufungwa.

Ugonjwa wake sitaueleza sana. Presha, halafu upande mmoja wa mwili, halafu wiki mbili za hospitali na mahesabu ya hospitali. Bashi, turubai la kivuli, lilifungwa mbele ya nyumba, viti vikakodiwa, kilio kikakaa. Wakaja watu tusiowajua: dereva wa malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, muuguzi, askari, kijana wa pikipiki aliyezima injini mbali ili asisumbue. Tukiwauliza walimfahamuje marehemu, baadhi walitaja mwaka na darasa. Wengine, na walikuwa wengi, walijibu maneno yaleyale kana kwamba wamekubaliana: "Mimi ni wa chini ya mwembe." Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Kila aliyesema hivyo, alimnyooshea mkono.

Septemba 2019 elimu ya msingi ikatangazwa kuwa bure katika shule za serikali. Madarasa yalifurika mpaka watoto wakakaa chini, na walimu wana malalamiko yao ambayo ni ya haki. Lakini orodha ile haikusomwa mwezi ule. Baba aliikosa siku hiyo kwa miezi kumi na minane tu.

Mwaka jana tulihamisha Mama, naye akanipa sanduku la Baba. Ndani mlikuwa na filimbi, tai mbili, na daftari nene la jalada gumu. Nililijua, ni lile aliloandikia matokeo ya mechi. Nisichokijua ni kwamba kila mechi aliipa alama kwa kalamu nyekundu, juu ya 10, kama kazi ya nyumbani. Lupopo wake hakuwahi kuwapa zaidi ya 8. Nikafungua Desemba 2010. TP Mazembe 2, Internacional 0. Palikuwa na 10, imekatwa kwa mstari mmoja, na kando yake 9½. Chini ameandika: kipindi cha kwanza walichelewa kuamka.

Nilicheka, nikaligeuza daftari kulifunga, na nikaona limeandikwa kutoka nyuma pia. Majina. Kuanzia mwaka 1993, mwaka kwa mwaka, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Nilitafuta safu ya fedha, nani anadaiwa ngapi, kwa sababu ndiyo macho yangu ya kazi. Haikuwepo. Palikuwa na jina, na mbele ya jina asilimia aliyoipata kwenye mtihani wa mwisho, basi.

Macho ya Mama siku hizi hayashiki herufi ndogo. "Nisomee," akasema. Nikaanza. Alisikiliza amefumba macho, mikono magotini, na kucha zake bado zina weusi ule ambao haukutoka. Nilipofika jina la tano au la sita, akanisimamisha.

"Huyo nilimupa viatu vya kaka yako."

Nikamwangalia. Nilikumbuka viatu vile, na jinsi tulivyopigwa kwa kuvipoteza.

"Soma," akasema. "Na mwenye kufuata, nguo."

Nikasoma. Mwingine alikuwa akipita sokoni kula mihogo kabla ya kwenda mwembeni. Mwingine mama yake alikufa, Mama akakaa kilioni siku tatu na kumwambia Baba amekwenda kwa dada yake. Taa ilikuwa imeanza kufifia, umeme wa jioni, na nikasogea dirishani ili nione. Tulikuwa tumefika mwaka 1997.